Protini Inayojisuka: Somo Kutoka Mkia wa Faji

Ukitaka kuona antibayotiki zinavyotumika ovyo, usianzie hospitalini, anzia bandani. Vijijini kwetu, Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, kuku akianza kuzubaa na kuharisha, mtu anafungua kapsuli ya tetrasaiklini na kumimina unga wake kwenye maji ya kunywa. Kama ugonjwa ni kideri, dawa imepotea bure, maana kideri kinaletwa na virusi, na kinga yake ni chanjo. Kama ni Salmonella, huenda kuku akapona, lakini kila dozi ya kubahatisha inawapa nafasi bakteria sugu kubaki na kuzaana. Na Salmonella haiishii kwa kuku. Inatufikia sisi kupitia nyama na mayai.

Ndiyo maana wanasayansi wamerudi kwa adui wa asili wa bakteria: bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Hawa ni virusi ambao hawamgusi kuku wala mtu, wao kazi yao ni bakteria tu. Jina hilo lilitolewa na Félix d'Hérelle mwaka 1917, miaka kumi na moja kabla ya penisilini kugunduliwa. Hapo jirani, Nairobi, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) wamekuwa wakitafuta faji wanaoua Salmonella katika mazingira ya ufugaji wa kuku.

Sasa swali: faji hana macho, hana pua. Anamtambuaje bakteria wake? Jibu liko mkiani.

Miiba sita

Mchukue faji aitwaye P22, anayeshambulia Salmonella. Mkia wake ni mfupi, na umezungukwa na miiba sita ya protini. Ngozi ya nje ya Salmonella imefunikwa na minyororo ya sukari kama majani marefu. Mwiba unashika mnyororo wa aina yake na kuukata, unashika tena na kukata tena, mpaka faji anafika kwenye ukuta wa bakteria na kuingiza DNA yake. Sukari ikiwa ya aina nyingine, mwiba haushiki. Yaani mwiba ni ufunguo na panga kwa wakati mmoja.

Kila mwiba una nyuzi tatu za protini zinazofanana, na kila uzi una amino asidi 666. Ribosomu inatoa uzi mrefu, laini, usio na umbo. Hakuna anayeukunja kwa mkono. Amino asidi zinazokimbia maji zinajificha ndani, zinazopenda maji zinabaki nje, na uzi unaanza kujizungusha, mzunguko juu ya mzunguko, kama kamba inayokunjwa vizuri juu ya kiganja.

Kisha nyuzi tatu zilizojikunja nusu zinakutana. Mwanzoni zinashikana kilegelege tu. Baadaye ncha zake za chini zinapishana na kusukana, kama mtu anavyosuka nywele kwa mafungu matatu. Hapo ndipo mwiba unakuwa mwiba. Uzi mmoja peke yake haufanyi kazi hiyo. Umbo hili la mizunguko lilionekana wazi mwaka 1994, wanasayansi nchini Ujerumani walipolichunguza kwa miale ya eksirei.

Fumbo la joto

Hapa ndipo palinikamata. Mwiba uliokamilika ni mgumu ajabu: unastahimili joto la zaidi ya nyuzi 80, ambapo yai la kawaida limeshaiva. Lakini wakati unatengenezwa ni dhaifu kabisa. Kwenye nyuzi 30 nyuzi nyingi zinafanikiwa kujikunja. Ukipandisha hadi karibu 40, zinazofaulu zinapungua sana, na zilizobaki zinagandana mabonge yasiyo na kazi.

Kwa nini? Kwa sababu uzi uliojikunja nusu bado una sehemu zinazonata nje. Joto likizidi, unalegea kabla ya kukutana na wenzake kwa mpangilio, unajibandika kwa yeyote aliye karibu. Mfikirie mtu anayemwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka: mabonge yanatangulia mwiko. Unga ni uleule na maji ni yaleyale. Kilichoharibika ni njia.

Jonathan King na wenzake wa MIT, Marekani, walilithibitisha hili kwa kutumia faji wenye mabadiliko madogo ya jeni. Kwa baadhi yao, kubadilika kwa amino asidi moja tu kulifanya mwiba ushindwe kujikunja kwenye nyuzi 39. Lakini mwiba huohuo ukitengenezwa kwenye nyuzi 30, kisha ukapelekwa 39, unafanya kazi bila wasiwasi. Kumbe kufika kwenye umbo ni jambo moja, na kudumu na umbo ni jambo jingine.

Hili lina maana bandani. Joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41. Kwa hiyo anayetafuta faji wa kutibu kuku ana sababu nzuri ya kuwajaribu kwenye joto hilo, asiridhike na waliofanya vizuri kwenye joto la chini maabara.

Kila kitu kwa zamu

Faji wengine wana mikia mirefu, na ujenzi wake una utaratibu. Kwa faji T4, kitako cha mkia kinatangulia, bomba linasimama juu yake, kisha ala inalivaa bomba. Urefu wa bomba unapimwa na protini maalumu iliyo kama futi ya fundi. Kwa faji mwingine, lambda, watafiti walipoifupisha futi hiyo, mkia nao ukatoka mfupi. Kichwa kinajengwa kivyake na kuungwa baadaye, na miguu myembamba inafungwa mwishoni. Protini moja ya miguu hiyo inahitaji wasaidizi wawili ili ijikunje, nao hawabaki kwenye kazi iliyokwisha, kama mirunda inavyoondolewa nyumba ikikamilika. Mwaka 1966, Robert Edgar na William Wood walichanganya kwenye chupa vipande kutoka faji waliokosa miguu na faji waliokosa vichwa. Vipande vikaungana vyenyewe, vikawa faji wazima wenye uwezo wa kuambukiza.

Kwa tunaokwenda BTP

Wengi wetu tulivuka kidato cha sita tukikariri ngazi nne za umbo la protini, tukazimwaga kwenye mtihani, basi. Madesa yanatuambia protini ina umbo, hayatuambii kwamba umbo linatafutwa njiani na kwamba njiani mtu anaweza kupotea. Ukisimama darasani, beba kamba tatu na uwape wanafunzi wazisuke. Kisha waambie wafanye haraka, wakisukumana, waone fundo linavyotokea. Halafu waulize nyumbani kwao kuku akiumwa anapewa nini, na kwa nini. Mtoto akiondoka anajua kwamba kapsuli haitibu kideri, na kwamba bakteria ana adui mwenye mkia wa protini iliyojisuka, atakuwa na kitu cha kumweleza mama jioni bandani.