Mzee wa Upondo: Wahusika Wadogo Wasiosahaulika (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza namna mchezo wa kuigiza mezani unavyokwenda. Watu wanne au watano wanaizunguka meza, kila mmoja ana mhusika wake wa kumsemea, na mwenzao mmoja, tuliyekubaliana kumwita mwendeshaji, anabeba ulimwengu wote uliobaki. Wachezaji wakiingia sokoni, yeye ndiye muuza chumvi. Wakifika lango la mji, yeye ndiye askari anayewauliza watokako. Wakipata pa kulala, yeye ndiye mwenye nyumba. Kazi hiyo inajulikana tangu 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mchezo wao wa Dungeons & Dragons huko Marekani, na kwa maoni yangu ndiyo kazi ngumu kuliko zote mezani.

Leo nawazungumzia hao wanaobebwa na mwendeshaji, wahusika wasio na mchezaji. Wengi wao husahaulika kabla karatasi hazijakusanywa. Wachache hukaa vichwani mwa watu hadi uzeeni. Kinachowatenganisha nilianza kukijua utotoni, miaka mingi kabla sijashika dadu ya pande 20, nikiwa juu ya dungu.

Sisi wa Masagati, kama watu wengi wa bonde la Kilombero, tulikuwa na makazi mawili: nyumba ya kijijini, na shamba. Msimu wa mpunga ulipofika familia nzima ilihamia shamba, mbali huko bondeni, ikakaa miezi kadhaa tangu kupanda hadi kuvuna. Mpunga ukishatoa masuke, mchana tulifukuza ndege, na usiku tulikesha kwa sababu ya nguruwe pori na viboko waliopanda kutoka mtoni. Dungu letu lilikuwa kichanja cha miti juu ya nguzo nne, paa la nyasi, moto chini. Juu kulikuwa giza tupu. Mjomba, kaka yake mama, alikaa ukingoni na debe lake na fimbo ya kulipigia, na ili tusisinzie alitutambia hadithi. Haikuwa hadithi ya kuisha usiku mmoja. Ile ile moja ilikwenda msimu mzima; mpunga ukichakarika inakatwa, debe linapigwa, nguruwe wakishakimbia inaendelea palepale ilipoishia. Na kila ilipofika njia panda Mjomba alituuliza, "Haya wapwa zangu, ninyi mngefanyaje?" Tulichomjibu ndicho kilichotokea.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya kijana anayemtafuta dada yake aliyechukuliwa na zimwi. Usiku wa pili kijana akafika kwenye mto uliofurika. Mvushaji alikuwapo, mzee mwembamba, na mtumbwi wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko utokako, hukuuona upondo wangu?"

Kiboko alikuwa amempindulia mtumbwi masika yaliyopita na maji yakauchukua upondo. Tangu siku hiyo anasukuma kwa tawi bichi, linapinda kila akilikandamiza, na kila likijirudi linagonga ubavu wa mtumbwi. Mjomba aliligonga kwa kifundo cha kidole kwenye nguzo ya dungu: ko, ko, ko. Kijana akavuka, akashukuru, akaenda zake. Nina hakika Mjomba alikusudia yule mzee aishie hapo.

Usiku wa nne kijana alikuwa amejificha nyuma ya nyumba ya zimwi, na Mjomba alipouliza tungefanyaje, mdogo wangu wa kike, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, akajibu, "Atazame kwanza kama upondo wa babu haumo humo uani." Mjomba akanyamaza kidogo. Kisha kwenye giza tukaisikia nguzo: ko, ko, ko. Tulipiga kelele zilizotosha kufukuza nguruwe wa bonde zima.

Jambo hilohilo limewapata wachezaji wa mezani mahali pengi duniani. Mwaka 2000 Bruce Cordell alitunga kisa cha Dungeons & Dragons kiitwacho The Sunless Citadel. Ndani yake kuna kiumbe mdogo wa jamii ya watu-mijusi, jina lake Meepo. Kwa nguvu si lolote. Mchezaji mgeni kabisa anaweza kumwangusha kwa pigo moja. Lakini wachezaji wanapoingia chumba alichomo wanamkuta analia kando ya tundu lililovunjwa. Yeye ndiye mtunza joka wa ukoo wake, joka bado changa, nalo limeibwa. Basi. Mwandishi hakuhitaji kuongeza zaidi. Wachezaji waliokuja kutafuta hazina wakajikuta wanamwambia Meepo afuatane nao, wanamtetea, wanamgawia chakula, na miaka mingi baadaye jina lake bado linatajwa kwa mapenzi na watu ambao mwisho wa kisa chenyewe wameshausahau.

Mzee wa upondo na Meepo wana undugu wa wazi. Kila mmoja alikuwa na shida yake kabla hatujafika. Mzee hakuwekwa kivukoni ili atungojee. Alikuwa katikati ya taabu zake, sisi ndio tulioingia. Nadhani hapa ndipo waendeshaji wengi wanapokosea. Wanamtengenezea muuza chumvi nasaba ya babu saba, rangi ya macho na kovu la vita, kisha wanamweka nyuma ya meza yake bila haja yoyote isipokuwa kuuza chumvi. Wachezaji wananunua, wanaondoka, kovu linabaki kwenye daftari. Hata mwovu mkubwa anapimwa kwa kipimo hicho. Tracy Hickman amesimulia kwamba aliwahi kukutana na mnyonya damu ndani ya pango la mchezo akajiuliza yule mtu anafanya nini pale. Yeye na mkewe Laura wakatunga Ravenloft, iliyotoka 1983, na mnyonya damu wao, Strahd, ana jumba, ana mapenzi yaliyomharibu, ana anachokitaka, na anatoka kukifuata.

Jambo la pili nililielewa kwa sababu ya giza. Juu ya dungu hatukuuona uso wa Mjomba. Mavazi ya mzee hayakuwa na maana kwetu, wala ndevu zake. Tulikuwa na sauti na ile nguzo tu. Mwendeshaji wa mezani yuko karibu na hali hiyo kuliko anavyodhani, maana hana jukwaa wala taa, na uso wake ni mmoja kwa watu arobaini. Alama moja inayoweza kurudiwa inatosha, iwe mlio wa kugonga, pumzi inayovutwa kabla ya kila sentensi, au swali lile lile. Mjomba alimfanya mtu mmoja wa hadithi yake asalimie kwa "Kamwene" ya Wabena, na kuanzia hapo neno hilo pekee lilitosha tujue nani kaingia. Mkono ukigonga ko, ko, ko, mzee yupo. Alama tatu zingetuchanganya.

Lakini haja na alama havitoshi bila la tatu, nalo ndilo ninalolipenda zaidi: mhusika amhitaji msikilizaji. Mzee hakusema tu kwamba amepoteza upondo. Aliuliza. Ukiulizwa, hata kama jibu lako ni "hapana, babu," umeshaingia kwenye deni. Ngano zetu za Afrika Mashariki zinalijua hili tangu kale. Ndiyo maana binti anapotoka kwenda mbali hukutana na kizee mwenye matongo anayeomba kuoshwa uso. Mmoja anamwosha, mwingine anamcheka, na hadithi yote inageukia hapo. Watambaji niliowasikia hawakumpa kizee yule jina, na hakuna mtoto asiyemkumbuka.

Mfano bora kuliko wote, kwangu, ni kizee wa hadithi ya Sultani Darai, iliyosimuliwa Unguja na kuchapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Wengi wanamkumbuka paa anayemtajirisha maskini Hamdani, aliyekuwa akichakura jaani. Mtazameni kizee. Paa anamkuta katika nyumba ya nyoka mkubwa, na mwanzoni kazi yake ni kumwonya tu. Nyoka anauawa, kizee anabaki nyumbani humo. Ndipo paa anapougua, na kizee anatumwa kwa Hamdani, bwana wake paa, kumwambia. Bwana anajibu apewe uji wa mtama, ule duni. Kizee anarudi na jibu. Anatumwa tena. Anakwenda, anarudi, anakwenda, anarudi, na katika mwendo ule wa mwanamke mzee kati ya mgonjwa na tajiri, ukatili wa Hamdani unaonekana bila msimulizi kuutaja. Jaribu kumwondoa kizee, uone kama kifo cha paa kitakuuma vilevile. Mwendeshaji anayetaka kujifunza kazi yake aisome sehemu hiyo kwa sauti, polepole, zaidi ya mara moja.

Mhusika wa namna hii hutoka katika maisha ya mahali. Mjomba hakulazimika kumbuni mvushaji. Kwetu mito ya Mnyera, Mpanga na Ruhuji inakutana kuwa Kilombero, nao Kilombero unashuka kuungana na Luwegu kuwa Rufiji. Ukitaka kwenda popote wakati wa masika lazima uongee na mtu mwenye mtumbwi, umwamkie, umweleze uendako. Tangu 2018 tuna daraja la mita 384 karibu na Ifakara, na nalifurahia kwa moyo wote, maana nayajua maji yale. Lakini daraja halikuulizi kitu. Mtoto anayevuka leo ndani ya basi hatamwona mvushaji wangu kama nilivyomwona, na mwendeshaji kijana wa Mlimba afadhali asimwazime. Aende stesheni treni ya TAZARA inapoingia. Amtazame mama mwenye beseni la ndizi kichwani anayekimbia sambamba na dirisha, chenji mkononi, abiria hajalipa bado na magurudumu yameshaanza kuzunguka. Shida anayo, sauti anayo, na anamwita mtu. Ampeleke huyo mezani.

Nimeulizwa nyumbani, nilipokuwa nikiandika haya, hadithi ya Mjomba iliishaje. Usiku wa mwisho mpunga ulikuwa umeshakatwa karibu wote. Kijana alirudi mtoni na dada yake, na begani amebeba upondo aliouchukua uani kwa zimwi, mrefu, mnyoofu, kama tulivyomshauri. Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Akaupima majini. Akaupitisha kiganjani tangu juu hadi chini.

"Mjukuu wangu, huu ni mzuri. Ila si wangu."

Akawavusha nao. Nguzo haikugongwa tena. Tulimsihi Mjomba atuambie wa mzee uko wapi, akasema hajui, tukalale. Siku tuliyopanda kurudi Masagati, kila tulipofika kwenye maji mdogo wangu alibaki nyuma, anapekua matete.