Somo la Afya: Mtoto Anayekomaa Kabla ya Wakati

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: figo, tezi, uvimbe.

Kila mtu ana mafigo mawili. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo, kama kofia juu ya kichwa. Tezi hiyo hutengeneza homoni, yaani kemikali ziingiazo katika damu na kuviamrisha viungo vya mwili. Homoni nyingine hulinda chumvi ya mwili. Nyingine huleta dalili za utu uzima.

Mara chache sana, uvimbe huota katika tezi ya mtoto mdogo, na mara nyingi hajatimiza miaka 5. Uvimbe huo hutoa homoni kupita kiasi. Pengine mtoto halalamiki tumbo hata kidogo.

Fikirini mtoto wa kike wa miaka 3. Anarefuka upesi kuliko wenzake. Anatoka chunusi, sauti yake inakuwa nzito, na nywele zinaota sehemu za siri. Jirani anasema, "Huyu kajaliwa afya!" Mwingine ananong'ona kuwa amerogwa. Mama anaona haya, anamficha ndani. Wote watatu wamekosea, na siku zinapita.

Mtoto mwingine huwa na uso wa mviringo, akanenepa tumbo, lakini kimo hakiongezeki.

Kusini ya Brazil, hasa jimbo la Paraná, ugonjwa huu huonekana mara 10 mpaka 15 zaidi kuliko kwingineko. Mwaka 2001 wataalamu walieleza sababu: kasoro ndogo ya urithi, itokayo kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Si wote wenye kasoro hiyo wanaougua. Basi si uchawi, wala si kosa la mama.

Dalili hizi zaweza kuwa na sababu nyingine pia. Daktari ndiye atakayejua, kwa kupima damu, mkojo na picha ya tumbo. Dawa kubwa ya uvimbe huu ni kuuondoa kwa kupasua. Ukiondolewa ungali mdogo, kabla haujaenea, tumaini ni kubwa.

Kumbukeni: msichana kabla ya miaka 8, mvulana kabla ya miaka 9, akionyesha dalili za kubalehe, apelekwe hospitali.

Maswali ya darasa:
1. Tezi hii imekaa wapi?
2. Kwa nini si vema kumficha mtoto?