MAFUTA YA KUNUKIA NA NGOZI YETU: NI TONE, SI KIKOMBE

Mwezi huu tunaongea juu ya ngozi. Wengi wanatuuliza juu ya zile chupa ndogo za mafuta ya kunukia: ya mikaratusi, ya lavenda, ya karafuu, ya mchaichai, na yale ya mti wa Australia uitwao titri. Ati yanaondoa chunusi, yanalainisha ngozi, yanafukuza mbu, na hata kuponyesha upele wa watoto. Je, ni kweli? Na kama mtu amekwisha kununua, atumie namna gani?

Jibu letu kwa ufupi: mafuta haya yana kazi yake, lakini ni makali kuliko watu wanavyofikiri. Ni ya mtu mzima, kwa tone, ndani ya mafuta mengine. Hayafai mtoto mchanga, wala hayaponyeshi ngozi yenye ugonjwa. Sasa tueleze jambo moja moja.

CHUPA NDOGO INATOKA WAPI?

Majani yanajazwa ndani ya pipa kubwa. Mvuke wa maji ya moto unapita katikati yake na kubeba ile harufu. Halafu mvuke unaingia kwenye mrija uliopozwa kwa maji baridi, unageuka kuwa maji tena, na mafuta yanaelea juu. Anayejua jinsi kanyanga inavyopikwa ataelewa upesi, ingawa sisi hatumshauri mtu kuipika!

Kazi hiyo inafanyika hapa Afrika yetu. Hapa Rwanda kuna kampuni ya Ikirezi, iliyoanzishwa na Dk. Nicholas Hitimana miaka ya 2000. Ilianza na wakulima wa jeraniumu, wengi wao wakiwa wajane. Kule Pemba, Zanzibar, kuna kiwanda cha shirika la serikali kinachotoa mafuta kwenye makonyo ya karafuu, yaani vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu zenyewe. Komoro wanajulikana dunia nzima kwa mafuta ya ua la langilangi, yanayotiwa ndani ya manukato ya Ulaya.

Tazama vipimo. Ili kupata kilo 1 ya mafuta ya jeraniumu, inahitajika kama nusu tani ya majani, na mara nyingine hata tani nzima. Mikaratusi, ile Wanyarwanda wanaiita inturusu, inatoa zaidi: kilo 100 za majani zinaweza kutoa kilo 1 au 2.

Hapo tunapata mafundisho mawili. La kwanza, tone moja limebeba nguvu ya majani mengi sana, kwa hiyo si kitu cha kujipakaa kama vaselini. La pili, mafuta ya kweli hayawezi kuwa rahisi. Ukikuta sokoni chupa kubwa ya "lavenda safi" kwa bei ya sabuni, ujue kuna kitu kimechanganywa. Chupa nzuri ni ndogo, ya kioo cheusi au cha rangi ya kahawia, na imeandikwa jina la mmea, tarehe ya kuisha na mahali ilipotengenezwa. Mara nyingi utaona maneno huile essentielle au essential oil. Ikiwa imeandikwa parfum tu, hayo ni manukato ya kutengenezwa, si mafuta ya mmea.

NGOZI INATAKA NINI KWANZA?

Kabla hujatoa pesa, fahamu kwamba ngozi haidai harufu. Inadai mambo matatu: kuoshwa, kupakwa mafuta ya kawaida, na kutokwaruzwa. Hapa Rubavu ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na vilima vyetu viko juu zaidi. Asubuhi ni baridi, mchana jua ni kali, na wakati wa kiangazi vumbi haliishi. Ndiyo maana miguu inapasuka na mikono inakuwa kama ya mtu aliyeshika chokaa.

Fanya hivi. Oga kwa maji ya vuguvugu, si ya moto sana. Sabuni ya kawaida inatosha, tena kidogo, na usisugue kwa nguvu. Jikaushe kwa kugusagusa kitambaa, kisha jipake mafuta mara moja wakati ngozi ingali na unyevu kidogo. Mafuta yanafunga yale maji yasitoke. Kama bidoni ya maji ni moja kwa nyumba nzima, osha kwanza mikono, uso, makwapa, sehemu za siri na vidole vya miguu.

Mafuta gani? Vaselini ya kawaida isiyo na harufu ni nzuri. Mafuta ya alizeti ni mazuri pia. Mwaka 2005 ulitangazwa utafiti wa hospitali moja ya watoto ya Dhaka, Bangladesh: watoto waliozaliwa kabla ya wakati walipakwa mafuta ya alizeti, na maambukizo waliyopata humo hospitalini yalipungua kwa asilimia 41. Hao walikuwa chini ya macho ya daktari, kwa hiyo mtoto njiti asipakwe kitu bila kuuliza kliniki. Lakini tunaona hapo jinsi mafuta ya kawaida yalivyo ukuta wa ngozi.

Hata hivyo tusisahau: mafuta ya kula ni chakula. Kijiko kimoja kinatosha mwili. Usimwage chupa ya jikoni kwa ajili ya urembo, halafu jioni sombe ikakosa mafuta!

NAMNA YA KUCHANGANYA

Kama chupa ndogo unayo tayari, fuata vipimo hivi. Kijiko kikubwa cha chakula kinabeba kama mililita 15.

- Kwa mwili wa mtu mzima: vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kawaida, na matone 12 ya mafuta ya kunukia. Si zaidi.
- Kwa uso: vijiko vikubwa 2 vya mafuta, na matone 6.
- Mafuta ya karafuu yanachoma sana. Hayo matone 2 au 3 tu, na kamwe si usoni.

Kabla ya kujipaka mwili mzima, weka mchanganyiko kidogo upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Ngoja saa 24. Ukiona wekundu, kuwashwa au uvimbe, osha kwa sabuni, na usitumie tena.

Usiyatie ndani ya maji ya kuoga. Mafuta hayachanganyiki na maji. Yanaelea, halafu yanashika ngozi yakiwa makali vilevile.

Mafuta ya limau na ndimu yana hatari nyingine: ukijipaka, kisha ukatoka juani, yanaweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Maji ya ndimu yenyewe yanafanya vilevile. Tena, mafuta haya yote yanawaka moto. Yaweke mbali na mbabula.

Vijana mnaosumbuliwa na chunusi, habari zenu hizi: mwaka 1990 madaktari wa Australia waliwapima watu 124. Dawa ya titri ya asilimia 5 ilipunguza chunusi, ila ilikwenda polepole kuliko dawa ya kawaida ya duka la dawa. Kwa hiyo inasaidia, lakini si muujiza. Na kukamua chunusi kwa kucha kunaleta makovu ambayo mafuta yoyote hayatayafuta.

WATOTO NA AKINA MAMA WAJAWAZITO

Hapa tunaomba kila mzazi asome polepole.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipakwe mafuta ya kunukia hata kidogo. Mikaratusi, minti na kafuri zisiwekwe karibu na pua wala kifua cha mtoto mdogo, hata kama ana mafua. Harufu kali inaweza kumziba pumzi. Usimfunike pia juu ya sufuria ya mvuke, maana watoto wengi wanaungua hivyo.

Hatari kubwa zaidi ni kunywa. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya mikaratusi kinaweza kumtia mtoto degedege na kumpotezea fahamu. Kwa mtoto chupa ndogo yenye harufu tamu ni kama siropu, na nyumba zetu ni chumba kimoja, hazina kabati la kufunga. Itundike juu kwenye mfuko, mbali na dawa za kunywa. Ikiwa mtoto amekunywa, usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Kimbia naye kituo cha afya, na chupa uichukue mkononi ili muuguzi aione.

Mama mjamzito au anayenyonyesha aulize kliniki kwanza. Na usipake kitu cha harufu kwenye chuchu. Mtoto atakimeza.

MAFUTA YA MAJANI, UNAYOTENGENEZA MWENYEWE

Kwa mtu mzima anayependa harufu bila gharama, kuna njia ya zamani na ya upole: kuloweka majani ndani ya mafuta. Hayawi makali kama ya chupa ndogo.

Chukua majani ya rozimari au mchaichai, ule wengine wanauita sitroneli na Wanyarwanda umucyayicyayi. Yaoshe, halafu yaanike kivulini mpaka yakauke kabisa. Usiharakishe hapo, maana jani lenye maji litaozesha mafuta. Jaza nusu ya chupa safi ya kioo, mimina mafuta ya alizeti mpaka yafunike majani. Weka chupa ndani ya sufuria yenye maji ya moto, si yanayochemka, kwa muda wa saa 1. Acha ipoe, chuja kwa kitambaa safi, funga vizuri, weka mahali pa giza. Tumia ndani ya mwezi mmoja. Yakianza kunuka vibaya, mwaga. Haya nayo jaribu kwanza mkononi.

KUNA UPELE USIO WA MAFUTA

Hapa ndipo tunapoona hatari kubwa. Mama anapaka mafuta wiki mbili, upele hauondoki, na nyumba nzima inaambukizwa. Peleka mtu kituo cha afya, au muite mjumbe wa afya, wale wanaoitwa abajyanama b'ubuzima, ukiona haya:

- Kuwashwa sana usiku, vipele katikati ya vidole, kiunoni na makwapani. Huo ni upele wa vidudu. Dawa yake wanapewa watu wote wa nyumba siku moja, pamoja na kufua nguo na blanketi kwa maji ya moto. Kisichofulika, kifunge ndani ya mfuko siku 3 au zaidi.
- Mapunye kichwani mwa mtoto. Haya yanahitaji dawa ya kumeza. Ya kupaka peke yake hayatoshi.
- Homa, tezi kuvimba, na malengelenge usoni, viganjani au sehemu za siri. Inaweza kuwa mpox. Aina mpya ya ugonjwa huu ilionekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwaka 2023, na Rwanda ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza Julai 2024. Usimpake, usimfiche, na usichange naye taulo wala blanketi.
- Kuungua. Mimina maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala majivu.

CHUNGA MUKOROGO

Kuna wauzaji wanaojua kwamba watu wanapenda kitu cha asili. Basi wanachukua dawa ya kujichubua, wanaitia ndani ya chupa yenye picha ya karoti au ua, na kusema ni mafuta ya mimea ya "kung'arisha". Mara nyingi ndani mna haidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi. Zebaki inaharibu figo, na inaweza kumdhuru hata mtoto aliye tumboni. Steroidi inafanya ngozi kuwa nyembamba, kidonda hakifungi, na siku ya upasuaji daktari anahangaika kushona. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Rwanda ilianza msako mkali wa bidhaa hizi madukani. Mafuta ya mmea hayamfanyi mtu kuwa mweupe ndani ya wiki moja. Ukiona hivyo, kimbia.

MASWALI MAFUPI

Je, mchaichai unafukuza mbu? Kidogo, lakini harufu inapotea ndani ya saa moja au mbili. Laleni ndani ya chandarua.

Je, naweza kunywa matone mawili kwa tumbo? Hapana. Kunywa chai ya majani yenyewe.

Je, nikikosa pesa ya chupa, ngozi yangu itaharibika? Hapana, mama. Maji, sabuni kidogo na kijiko cha mafuta ya kawaida kila siku vinafanya kazi kubwa kuliko chupa ile. Chupa ni ya furaha ya harufu. Kama ipo, tone kwa tone. Kama haipo, pesa hiyo inunue sabuni na ndizi za watoto.

Msomeeni jirani asiyejua kusoma, hasa ile sehemu ya watoto. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.