Asili ya Neno Kubanika

Kijana mmoja wa Newala, baada ya kuniamkia kwa adabu zote, aliniuliza juzi swali ambalo huko Masasi nimekwisha kulijibu hata nimechoka: “Mwalimu, kubanika na ng'onda yametoka katika maneno gani ya Kiarabu?”

Hayakutoka katika Kiarabu. Wanaodai hivyo hushika hujja moja tu, kwamba samaki hutujia kutoka pwani, na pwani walikaa Waarabu, kwa hiyo kila neno lililopanda mlima pamoja na matenga ya Mikindani na Lindi halina budi kuwa lao. Samaki, naam, ni neno la Kiarabu. Walakini mgeni mmoja akiingia nyumbani hawageuzi wenyeji wote kuwa wageni. Vitenzi tulivyovipokea kwa Waarabu aghalabu huishia kwa e, i au u, kama samehe, safiri na jibu. Kubanika huishia kwa a, mzazi wake ni kubana, na ndugu zake ni kuanika, kutundika na kubandika, ambavyo vyote ni vitenzi vya kukiweka kitu katika hali fulani. Ama ng'onda, sauti yake ya kwanza haina herufi katika Kiarabu, hata waandishi wetu wa kale, walipokiandika Kiswahili kwa hati ile, iliwabidi kuiazimia herufi ya ghaini. Ni hujja gani nyingine itakiwayo?

Mwenye shaka bado na amtazame samaki wa Ruvuma aliyebanikwa kwa desturi ya zamani: mti hupasuliwa ncha, samaki akabanwa katikati, ncha zikafungwa kamba, kisha mti ukachomekwa ardhini kuuelekea moto, na akitolewa, ubavuni huonekana mfuo mweupe, pale mti ulipoukinga moshi. Mfuo huo ni alama ya kubanwa, na kubanwa huko ndiko asili ya neno. Leo wengi huwalaza samaki juu ya uchaga, wala hawambani hata mmoja, na neno limebaki.

Basi sokoni sema hivi: aliyekaushwa kwa moto na moshi ni wa kubanika, aliyepasuliwa akaanikwa juani ni ng'onda; ukiwa huna hakika, sema samaki mkavu, utafahamika. Illa usimpe mwingine neno ambalo wazee wetu walilipata kwa mti wao na moto wao.