Mama Aliyeanguka Kanisani: Tukijue Kifafa

Je, umewahi kumwona mtu akianguka kifafa? Ulifanya nini? Ulikimbia? Ulisimama mbali ukatazama? Au ulikwenda kumsaidia? Jibu moyoni mwako kwanza. Kisha soma habari hii.

Tumfikirie mama mmoja. Anaishi katika kijiji karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini, mkoani Mtwara. Hatumpi jina, maana wako wengi kama yeye. Huenda mmoja wao ni jirani yako.

Mama huyu analima mpunga na mihogo. Ana mikorosho michache. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, huenda pwani na wenzake kuvua pweza na kuokota chaza. Siku ya Jumamosi hufagia kanisa. Siku ya Jumapili huimba kwaya. Watu wengi kijijini hawajui shamba lake liko wapi, lakini sauti yake wanaijua.

Mama huyu ana kifafa tangu utoto. Alianza kuanguka akiwa darasa la nne. Watoto wenzake walikimbia. Wazazi wake waliogopa, wakamwachisha shule. Wengine walisema ni pepo. Wengine walisema amerogwa. Baba yake aliuza mbuzi, kisha akauza baiskeli, akitafuta waganga. Mtoto aliendelea kuanguka.

Baadaye alipelekwa hospitali akapewa vidonge. Alivimeza kila siku. Mwaka mzima ulipita bila kuanguka. Ndipo watu wakamwambia, "Umepona. Sala zimejibiwa. Dawa za nini tena?" Akaviacha ghafla. Haukupita muda mrefu, akaanguka jikoni. Mguu wake uliingia katikati ya mafiga. Kovu lile analo mpaka leo.

Usiku wa mkesha

Sasa sikiliza yaliyotokea wakati wa Pasaka.

Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Viboko walikuwa wakitoka mtoni usiku na kula mashamba. Mama huyu alikesha katika dungu siku nne, akipiga debe kuwafukuza. Alhamisi vidonge vyake vikaisha. Zahanati iko mbali. Akasema, "Nitakwenda Jumanne, sikukuu ikipita." Jumamosi usiku akaenda kanisani kwenye mkesha. Akaimba mpaka usiku wa manane.

Katikati ya wimbo alitoa sauti kubwa, akaanguka. Mwili ulikakamaa. Kisha mikono na miguu ikatikisika. Povu likatoka mdomoni. Mkojo ukamtoka.

Watu walikimbia. Mmoja alipiga kelele kwamba ni pepo. Mwingine alileta kijiko ili amtie mdomoni. Mwingine alisema, "Msiguse povu hilo, mtaambukizwa!" Wifi yake peke yake alibaki. Alimwekea kanga chini ya kichwa, akamgeuza ubavu, akangoja. Baada ya dakika tatu mtikisiko ukakoma. Mama akalala usingizi mzito.

Alipoamka alikuta amefunikwa kitenge. Aliona watu wakimtazama kwa mbali. Jumapili iliyofuata aliambiwa apumzike kuimba. Alikaa kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyekaa karibu naye. Uchungu wa siku ile ulimzidi uchungu wa mguu ulioungua.

Ndugu msomaji, tujiulize. Kwa nini alianguka usiku ule? Je, ni kwa sababu pepo hapendi nyimbo za kanisa? Hapana. Kuna sababu mbili unazoweza kuziona wewe mwenyewe. Kwanza, hakuwa amemeza dawa kwa siku mbili. Pili, hakuwa amelala vizuri kwa siku nne, na usiku ule wa tano alikesha tena. Kwa mtu mwenye kifafa, kukosa dawa na kukosa usingizi ni kama kuweka kijinga cha moto karibu na paa la makuti.

Kifafa ni nini?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo uko ndani ya kichwa. Ndio unaouambia mkono shika, mguu tembea, ulimi sema. Ubongo hupeleka habari hizo kwa nguvu ndogo sana ya umeme. Kwa mgonjwa wa kifafa, mara moja moja umeme huo hufumuka ovyo. Hapo mwili hutikisika bila mwenyewe kutaka.

Si kila kifafa ni cha kuanguka. Mtoto mwingine hukodoa macho tu na kunyamaza kwa nukta chache. Mwalimu hudhani ni mzembe. Mtu mwingine hutikisika mkono mmoja tu. Hao nao wapelekwe hospitali.

Yako mambo mengi yanayoweza kuumiza ubongo na kuleta kifafa:

Mtoto kuchelewa kuzaliwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa.
Malaria kali inayopanda kichwani.
Homa ya uti wa mgongo.
Kuumia kichwa, kama kuanguka kutoka juu ya mnazi au kwenye pikipiki.
Mayai ya tegu wa nguruwe. Haya hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakaingia mdomoni kwa mikono michafu, maji au mboga. Mwilini hugeuka viluwiluwi, navyo huweza kufika kwenye ubongo.

Wakati mwingine sababu haijulikani. Lakini tazama orodha hiyo tena. Mengi tunaweza kuyazuia. Mama mjamzito ajifungulie kituoni. Tulale ndani ya chandarua. Tutumie choo na kunawa mikono. Nguruwe wafungiwe bandani.

Tena tukumbuke: kifafa hakiambukizi. Povu ni mate tu. Mkojo ni mkojo tu. Unaweza kula naye sahani moja, kulala naye nyumba moja, na kumshika anapoanguka. Hutapata kifafa.

Habari kutoka Mahenge

Hofu hii haiko Mtwara peke yake. Mwaka 1959 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Tanganyika. Huko Mahenge, katika mkoa wa leo wa Morogoro, aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa. Wengi walikuwa wamefichwa. Walikula peke yao na kulala peke yao. Wengine walikuwa na makovu makubwa ya moto, kwa sababu watu waliogopa kumgusa aliyeangukia motoni.

Mwaka 1960 alianzisha kliniki ya kifafa huko. Wagonjwa walipewa dawa iitwayo fenobabitoni. Dawa hii si ngeni. Ilianza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912, huko Ujerumani. Tena bei yake ni ndogo. Wagonjwa wengi wa Mahenge waliacha kuanguka, au walianguka mara chache. Waliokuwa wamefichwa wakaanza kutoka na kufanya kazi.

Lakini iko habari ya huzuni pia. Miaka 30 baadaye ilitafutwa habari za wagonjwa 164 wa kliniki ile. Zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Vifo vingi vilitokana na kifafa: kuzama majini, kuungua moto, au kutikisika mfululizo bila kukoma. Kumbe kifafa kisipotunzwa huua. Na mara nyingi huua mahali pa kazi za kila siku, jikoni na kisimani.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa. Linasema pia kwamba watu 7 katika kila 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Lakini katika nchi maskini wengi hawayapati.

Mtu akianguka, fanya hivi

1. Usikimbie. Tulia. Tazama saa, au hesabu dakika.
2. Ondoa vitu vya hatari: moto, jembe, kisu, mawe. Kama yuko motoni au majini, mtoe mara moja.
3. Weka nguo laini chini ya kichwa. Legeza nguo zinazobana shingoni.
4. Mgeuze alale ubavu, ili mate yatoke nje asipaliwe.
5. Kaa naye mpaka apate fahamu. Mfunike. Mwambie kwa upole yaliyotokea.

Usifanye haya:

Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Utamvunja meno au atakuuma. Ulimi haumezwi.
Usimkandamize kwa nguvu.
Usimnyweshe maji wala dawa kabla hajaamka vizuri.
Usimchome moto, wala kumnusisha moshi.

Mpeleke hospitali haraka kama mtikisiko unazidi dakika 5, kama anatikisika tena kabla hajapata fahamu, kama ameumia au amezama majini, kama ni mjamzito, au kama ni mara yake ya kwanza. Mtoto mwenye homa akipatwa na degedege, usipoteze muda kwa mganga wa kienyeji. Huenda ni malaria kali.

Mgonjwa naye afanye nini?

Aende zahanati au kituo cha afya. Huko wataeleza kama inafaa aende mbele zaidi. Katika Mkoa wa Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula mjini Mtwara. Kuna pia hospitali ya misheni ya Ndanda, upande wa Masasi. Aende na mtu aliyemwona akianguka, maana mgonjwa mwenyewe hakumbuki.

Ameze dawa kila siku, saa ile ile, hata kama haanguki. Kutoanguka ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Asiiache ghafla. Arudi kuchukua nyingine kabla vidonge havijaisha, hasa wakati wa masika njia zinapoharibika.

Alale vya kutosha. Kama ni zamu ya kulinda mpunga usiku, ndugu zake wampokee. Aache pombe.

Asivue peke yake, asipande mnazi, asiende mtoni peke yake. Jikoni, mafiga yawekewe ukuta mfupi wa udongo kuyazunguka. Achote maji kwa kata akiwa na mwenzake.

Mwanamke mwenye kifafa anaweza kuolewa na kuzaa. Lakini amwambie daktari mapema kwamba anataka mtoto. Ziko dawa za kifafa zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni, na daktari anaweza kuzibadili. Akishika mimba asiache dawa kwa hofu.

Sala na dawa

Watu wengi huuliza: je, nikimeza dawa, nimekosa imani? Fikiri hivi. Ukivunjika mguu, unasali na unafungwa plasta. Ukipata malaria, unasali na unameza dawa. Kwa nini kifafa kiwe tofauti? Sala humpa mgonjwa nguvu ya moyo. Dawa hutuliza ubongo. Hazigombani. Kwa ndugu zetu Waislamu, mwenye kifafa azungumze na daktari kabla ya Ramadhani, wapange saa za kumeza dawa.

Wakristo wanaijua habari ya Injili ya mtoto aliyekuwa akianguka motoni na majini. Baba yake hakumficha ndani. Alimleta mbele za watu. Tujifunze kwa baba huyo.

Tumrudie mama yetu. Wifi yake alimsindikiza zahanati siku ya Jumanne. Mganga aliuliza maswali, akampa vidonge. Kisha wifi alikwenda kwa katekista akamweleza yote: dawa zilizoisha, siku nne za dungu, usiku wa mkesha. Katekista alifikiri. Jumapili moja alimwalika mhudumu wa afya aseme na watu baada ya ibada. Watu waliuliza maswali mengi. Aliyeleta kijiko aliuliza zaidi ya wote.

Mama amerudi kwaya. Siku za mkesha huimba mwanzo, kisha wifi yake humpeleka nyumbani akalale. Wapo bado wawili watatu wasiotaka kukaa naye jamvi moja. Lakini benchi lake halikai tupu tena.

Ndugu msomaji, katika kijiji chako yuko nani anayekaa benchi la nyuma peke yake? Jumapili hii, au Ijumaa hii, au jioni hii barazani, nenda ukakae karibu naye.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mama huyu alianguka usiku wa mkesha?
2. Taja mambo matatu ambayo wifi yake alifanya vizuri.
3. Kwa nini ni hatari kutia kijiko mdomoni mwa mtu aliyeanguka?
4. Katika kijiji chenu, mgonjwa wa kifafa hupata wapi dawa? Zikiisha, mtamsaidiaje kuzifuata?
5. Jikoni kwako, mtu akianguka atafika kwenye moto? Utabadili nini?