Rola na Kisu: Pamba Inavyoachana na Mbegu Yake

Punje moja ya mbegu ya pamba hubeba nyuzi zaidi ya elfu kumi. Kila unyuzi ni seli moja iliyochipuka kwenye ganda la mbegu na kurefuka hadi milimita 28 hivi, au zaidi kwa pamba ya nyuzi ndefu. Mtu akiibana mbegu hiyo kwa kucha na kuvuta kishungi cha nyuzi kwa mkono wa pili, kishungi hung'oka kikiwa kizima, kwa kuwa nguvu inayoushikilia unyuzi kwenye ganda ni ndogo kuliko nguvu ya kuukata. Mashine ya rola ya kuchambua pamba imejengwa juu ya tofauti hiyo ndogo. Kucha ni kisu cha chuma, na mkono unaovuta ni rola inayozunguka. Karibu maboresho yote yaliyofanyika katika mashine hiyo yamelenga kuufanya mkono huo ushike vizuri, bila kuteleza, bila kuungua na bila kuchoka mapema.

Ipo njia nyingine ya kuchambua pamba, nayo ni ya misumeno. Eli Whitney alipata hataza ya mashine yake nchini Marekani mwaka 1794, na kutokana nayo ikakua mashine yenye safu ya misumeno ya mviringo ambayo meno yake hunyakua nyuzi na kuzipitisha kati ya vyuma vyembamba visivyoruhusu mbegu kupita. Mashine ya misumeno ina kasi kubwa, lakini meno yake hukata baadhi ya nyuzi na kuzisokota nyingine kuwa vifundo vidogo vinavyoonekana baadaye kwenye uzi na kitambaa. Rola huvuta kwa upole. Ndiyo maana pamba ya nyuzi ndefu ya Misri na Sudan imekuwa ikichambuliwa kwa rola, na viwanda vingi vya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, katika mikoa kama Simiyu, Shinyanga na Mwanza, vina mashine za rola mbili zilizopangwa kwa safu. Pamba ya huko huchumwa kwa mkono na huwa na takataka chache, hali inayoifaa rola.

Rola yenyewe ni ya kale. Nchini India ilitumika churka, kifaa cha rola mbili nyembamba zilizobanana na kuzunguka kinyume, kama kishinikizo cha miwa kilichopunguzwa ukubwa. Nyuzi zilipita kati ya rola, na mbegu ikabaki nyuma. Churka ilifanya kazi nzuri kwa mbegu zenye ganda laini, ila haikuwa na chochote cha kuisukuma mbegu iliyong'ang'ania, na mtu mmoja aliyeketi nayo kutwa nzima alipata kilo chache tu za nyuzi. Jibu lilikuja mwaka 1840, Fones McCarthy wa Alabama alipopata hataza ya mashine yenye rola moja kubwa iliyovikwa ngozi, kisu kisichosogea kilichobanwa juu ya ngozi hiyo, na kisu cha pili kinachopanda na kushuka kwa kasi mbele yake. Kimsingi mpango huo wa vitu vitatu haujabadilika mpaka leo.

Kazi yake hufuatana hivi. Pamba mbegu, yaani pamba ambayo haijachambuliwa, huangukia kwenye rola, na ngozi yenye ukakasi huzikamata ncha za nyuzi na kuzivuta chini ya ukingo wa kisu kisichosogea. Mbegu ni nene, kwa hiyo hukwama kwenye ukingo. Hapo kisu kinachopiga huigonga na kuigeuza, nyuzi zaidi huingia chini ya ukingo, na baada ya mapigo machache mbegu hubaki na manyoya mafupi tu, kisha hudondoka kupitia wavu. Ili haya yatokee, msuguano kati ya unyuzi na rola lazima uwe mkubwa kuliko msuguano kati ya unyuzi na kisu. Uwiano huo ukigeuka, nyuzi husimama, rola huendelea kuzunguka bure, na kinachozalishwa ni joto peke yake.

Ngozi, basi, ndiyo kiini cha mashine, na hapo ndipo mafundi wa viwandani hutumia muda wao mwingi. Kwa muda mrefu rola imekuwa ikitengenezwa kwa visahani vya ngozi iliyolainishwa kwa kemikali za kromiamu. Mamia ya visahani hivyo hupangwa kwenye shafti ya chuma kama shanga kwenye uzi, hukazwa kwa nguvu kutoka ncha zote mbili, kisha uso wa nje hukerezwa hadi uwe mviringo kamili. Kwa hiyo kinachogusa pamba ni kingo za ngozi, wala si upande wake laini. Juu ya uso huo huchongwa mifereji ya mzingo, inayozunguka rola kama nyuzi za skrubu. Mifereji hii hufanya kazi mbili. Huzipa nyuzi mahali pa kuingia kabla hazijafika kwenye kisu, na huisogeza pamba kidogo kidogo kando ya rola ili isirundikane sehemu moja.

Rola mpya iliyochongwa vizuri ikipapaswa ikiwa imesimama huwa na ukavu unaokwaruza kiganja. Baada ya saa nyingi za kazi, ile iliyotunzwa vibaya hung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Joto limeilainisha ngozi, vumbi na mafuta ya mbegu vimeziba vitundu vyake, na mifereji imekaribia kufutika. Rola ya namna hiyo inaweza kuendelea kuzunguka kwa kelele ile ile, na mgeni asijue tofauti, lakini mbegu zinazodondoka chini yake bado zina nyuzi ndefu zinazopotea pamoja nazo. Fundi mzoefu huanza kwa kuokota mbegu kabla ya kuangalia mashine. Mbegu zenye vishungi ni dalili ya kwanza kwamba rola imepoteza ukakasi, na dawa yake ni kuichonga upya.

Kila inapochongwa, rola hupungua unene, na upungufu huu ndio hasara ambayo viwanda vingi huivumilia bila kuihesabu. Tuchukue rola ya kipenyo cha milimita 180 inayozunguka mara 100 kwa dakika. Uso wake husafiri karibu mita 0.94 kwa sekunde. Rola hiyo ikichakaa hadi milimita 120 huku mota ikizunguka vile vile, kasi ya uso hushuka hadi mita 0.63. Theluthi moja ya uwezo wa kuvuta imeondoka, ilhali bili ya umeme haikupungua kwa kiasi hicho. Ili kuirudisha kasi ya awali, rola iliyochakaa ingepaswa kuzunguka mara 150 kwa dakika. Katika viwanda vya zamani jambo hilo halikuwezekana, kwa sababu mashine zote ziliendeshwa na shafti moja ndefu iliyopita chini ya sakafu, na mikanda ilipanda kutoka huko kwenda kwa kila mashine. Kuongeza kasi ya moja kulimaanisha kuongeza ya zote, pamoja na zile zenye rola mpya. Kuipa kila mashine mota yake na kifaa cha kurekebisha mzunguko ni uboreshaji usiovutia macho, lakini faida yake huonekana kwenye mizani kila siku ya msimu.

Kasi ya rola haiwezi kubadilishwa peke yake, kwani kisu kinachopiga lazima kiendane nayo. Mapigo yakiwa machache mno, nyuzi husubiri mbegu igeuzwe. Yakizidi, mbegu hugongwa kabla haijashikwa vizuri, na vipande vya ganda huingia kwenye pamba nyuzi. Vipande hivyo vyenye manyoya ni adui wa msokotaji wa uzi, maana haviondoki kirahisi katika hatua zinazofuata.

Kisu chenyewe kina ukomo wa kimaumbile. Kinaendeshwa na mkono wa chuma unaokivuta na kukirudisha, na kila kinapofika mwisho wa safari yake lazima kisimame kabisa kisha kianze upya kuelekea upande wa pili. Nguvu inayohitajika kukisimamisha huongezeka kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiwa maradufu, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Fremu hutetemeka, beringi hulika, na boliti hulegea. Mashine ya rola mbili ilipunguza tatizo kwa njia rahisi. Kisu kimoja hucheza katikati ya rola mbili zinazozunguka kinyume, hivyo pigo la kwenda huhudumia rola moja na pigo la kurudi huhudumia nyingine, na safari ya kurudi haipotei bure tena.

Suluhisho la kina zaidi lilipatikana Marekani, katika maabara ya serikali ya utafiti wa uchambuaji wa pamba iliyoko Mesilla Park, New Mexico. Huko kisu cha kwenda na kurudi kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa kisu cha mzunguko, yaani mhimili mwembamba wenye makali kadhaa unaozunguka mfululizo mbele ya kisu kisichosogea. Kitu kinachozunguka hakihitaji kusimamishwa, kwa hiyo mtetemo ulipungua sana na kasi ikaweza kupanda. Kisu hicho kina upungufu wake pia. Hufagia baadhi ya mbegu kabla hazijaisha nyuzi, na mashine hiyo huhitaji kifaa cha ziada cha kuziokoa na kuzirudisha kwenye mlisho. Katika muongo wa kwanza wa karne hii maabara hiyo na viwanda vya huko viliiendeleza hadi ikawa mashine ya rola ya kasi kubwa. Rola yake hukandamizwa kwenye kisu kwa nguvu ya hewa, na mlisho hujirekebisha kufuatana na mzigo wa mota.

Mgandamizo huo ni jambo la kupewa uzito wake. Sehemu kubwa ya umeme unaotumiwa na mashine ya rola huishia kwenye msuguano kati ya rola na kisu, na sehemu ndogo tu ndiyo inayong'oa nyuzi. Mgandamizo ukiwa mdogo, nyuzi huteleza. Ukizidi, rola hupata moto, ngozi hutoa harufu ya kuungua, na katika jengo lililojaa pamba kavu hiyo ni hatari ya kweli. Hali mbaya kuliko zote ni rola inayozunguka bila pamba, kwa sababu nyuzi zinapopita hubeba sehemu ya joto kwenda nalo, na zikikosekana ngozi husugua chuma kitupu. Mtu anayelisha kwa mikono hutupa mafumba: sekunde chache mashine inakabwa, sekunde chache inakimbia tupu. Mlisho wa mashine unaotandaza pamba sawasawa kwa urefu wote wa rola huongeza uzalishaji na huongeza maisha ya rola kwa wakati mmoja, na ni vigumu kutaja uboreshaji mwingine wa bei hiyo wenye manufaa mawili namna hiyo.

Ngozi yenye kromiamu ina tatizo jingine ambalo halikupewa umuhimu mapema. Inaposuguliwa, chembe zake huingia kwenye pamba nyuzi na kwenye hewa wanayovuta wafanyakazi. Kromiamu iliyomo kwenye ngozi kwa kawaida si ya aina kali, lakini joto linaweza kuigeuza kuwa kromiamu ya valensi sita, ambayo husababisha saratani. Watafiti wa India walishughulikia jambo hili kwa kutengeneza rola za kitambaa cha pamba kilichounganishwa na mpira, na Marekani nako rola za kisu cha mzunguko huvikwa mchanganyiko wa aina hiyo. Ubora wake uko katika namna unavyochakaa. Matabaka ya kitambaa na mpira hupangwa ili kingo zake zielekee nje. Mpira hulika kwa namna tofauti na kitambaa, na ncha za nyuzi za kitambaa hubaki zimechomoza kama brashi fupi, kwa hiyo ukakasi hujitengeneza upya kadiri kazi inavyoendelea. Rola hizi hazitoi vumbi la kromiamu. Ila mpira wake lazima uwe wa kustahimili joto na mafuta ya mbegu, maana mpira wa ovyo hulainika na kunata, na rola inayonata hujizungushia nyuzi hadi mashine isimame.

Mambo mengine ya kuihifadhi rola huanzia nje ya kiwanda. Pamba yenye unyevu mwingi hujiviringa kwenye rola, na iliyokauka kupita kiasi hukatika. Mchanga una madhara makubwa zaidi. Desturi mbaya ya kuweka mchanga au maji kwenye pamba ili kuongeza uzito kabla ya kuipeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, imepigwa vita kwa miaka mingi, mara nyingi kwa hoja ya uaminifu na bei. Fundi wa rola ana hoja ya pili. Kila chembe ya mchanga inayopita chini ya kisu hukwaruza makali yake na kuchimba ngozi, na rola ambayo ingechongwa baada ya siku kadhaa hulazimika kuchongwa mapema, ikipoteza kipenyo kila mara. Gharama hiyo haiandikwi popote kwa jina la mchanga, lakini hatimaye humrudia mkulima katika bei anayolipwa.

Kwa kiwanda chenye mashine za zamani za rola mbili, utaratibu wenye busara ni kuanza na kilicho karibu: kupima kipenyo cha kila rola na kukiandika, kuchonga mifereji kwa ratiba bila kungoja mbegu zitoke na vishungi, kusawazisha mlisho, na kuipa kila mashine mota yake. Rola za mpira na kitambaa zifuate pale ngozi inapokwisha. Kisu cha mzunguko ni ununuzi wa kiwanda kipya. Kukifunga kwenye mstari ambao rola zake zinang'aa na mlisho wake ni wa mikono ni kutupa fedha.