Mombasa Hula kwa Saa: Vibanda, Hoteli na Mangwe za Kujua Kabla Ushuke SGR

Desemba ikikaribia, Kanairo yote huanza kuulizana swali moja: Mombasa tutadishi wapi? Halafu mbogi inashuka Miritini, inaingia hoteli ya kwanza yenye kiyoyozi, inaagiza chipo na kuku. Kuku ni yule yule wa Tom Mboya Street, lakini bili imeongezwa bei ya kuona bahari. Wakirudi utawasikia wakisema chakula cha Mombasa ni kawaida tu. Buda, hapo ulikula Nairobi yenye joto.

Mimi nimeishi huko miaka miwili na kitu, mtaa wa Kisauni, keja ya choo cha nje. Nilikuwa nimeenda kusoma. Karo ikakatika, masomo yakaisha katikati, nikabaki na laptop ya kuazima na kazi ndogo ndogo za kuandikia watu wa ng'ambo makala. Kwa hivyo ujue mapema: huu ushauri ni wa mtu aliyekuwa na soo mbili kwa siku, na siku zingine finje pekee. Ukiwa na ganji kidogo hivyo, lazima ujue mji unakula vipi, juu ukichelewa unalala njaa.

Na kitu cha kwanza mji ulinifunza ni hiki: usiulize tu wapi. Uliza saa ngapi.

Kwa nini saa?

Sababu ni mbili, joto na nazi. Chakula kingi cha Pwani kinapikwa na tui, na tui halivumilii joto. Mbaazi zilizopikwa alfajiri zikikaa nje bila friji, kufika alasiri zinaanza kuchacha. Kwa hivyo mama wa kibanda hapiki ya kubaki. Anapika sufuria ya kuisha, ikiisha anakunja meza anaenda zake. Jioni mwingine anakuja hapo hapo na karai ya mafuta. Usiku anakuja wa mishkaki na jiko lake.

Yaani kona moja inaweza kuwa na biashara tatu kwa siku moja, na ukipita saa mbaya utaona ukuta na paka. Ndio maana kutafuta kwa simu hakusaidii sana. Simu itakuonyesha walio na bango. Wengi wa hawa hawajawahi kuwa na bango.

Asubuhi: mbaazi na mahamri

Hii ni ya kutoka saa kumi na mbili hadi saa tatu hivi. Hamri si mandazi, tafadhali usiseme hivyo mbele ya mtu wa Pwani. Unga wake unakandwa na tui na iliki, ukikaangwa unafura mpaka ndani unabaki shimo. Unalipasua, unachotea mbaazi za nazi, unateremsha na chai ya tangawizi. Mahamri manne na bakuli la mbaazi yalikuwa yanatosha kunibeba mpaka saa tisa.

Wapi? Old Town upande wa Kibokoni, Majengo, Kisauni, karibu kila mtaa wa wenyeji. Alama ya kutafuta ni watoto. Ukiona watoto wametumwa na mabakuli na hotpoti wamepanga laini nje ya mlango wa mtu, wewe panga nyuma yao. Mtu hatumi mtoto wake kila siku kwa chakula kibaya.

Mama wangu wa mbaazi pale Kisauni alikuwa ananiandikia deni nyuma ya kalenda ya ukutani. Mwezi ambao malipo yangu yalichelewa wiki tatu, hakuniuliza hata siku moja. Alikuwa anasema tu, "Kula mwanangu, ukipata utaleta." Watu wakiniuliza hoteli bora ya Mombasa ni gani, huwa nafikiria hiyo kalenda.

Mchana: wali, na Ijumaa ya biriani

Ukitaka kukaa mezani na menyu mkononi, Island Dishes pale Kibokoni ni ya vyakula vya Kiswahili: wali wa nazi, samaki wa kupaka, biriani. Samaki wa kupaka ni wa kuchoma, halafu anapakwa mchuzi mzito wa nazi na ukwaju. Enda mapema, usingoje saa tisa.

Ukiwa na ya vibanda, zunguka nyuma ya Marikiti. Hilo soko limekuwa hapo tangu 1914, na jina lake rasmi lilikuwa Mackinnon, lakini ukimuuliza mtu wa tuktuk Mackinnon atakuangalia tu. Huko utapata sima na mchicha wa nazi, ama mchuzi wa papa kama pua yako iko tayari. Ukitoka, nunua pilau masala ya kupeleka nyumbani. Bei inaongeleka, lakini salimia kwanza.

Siku kubwa ya mchana ni Ijumaa. Karibu saa saba Old Town inanyamaza, maduka mengi yanafungwa, watu wako msikitini. Wakitoka, ndio pilau na biriani inapakuliwa kweli kweli. Fika mara tu baada ya swala. Ukifika saa kumi utapata ukoko na pole.

Baada ya hapo kama unataka kupumua, tembea Ndia Kuu Road uingie Jahazi Coffee House. Unakaa chini kwenye mito, unakunywa kahawa ama juisi. Fort Jesus iko karibu hapo, ile ngome Wareno walianza kujenga 1593. Mimi nilikuwa naagiza kikombe kimoja na kukaa nacho masaa matatu nikiandika. Hawakuwahi kunifukuza.

Alasiri: mnazi, na hii saa usiichezee

Sasa wale wa kinywaji, kaeni karibu. Watu wa Nairobi hufikiri pombe ni ya usiku. Mnazi hauko hivyo, na kuna sababu.

Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni. Juu kule anakata karara la ua kidogo kidogo, maji yanadondoka ndani ya chombo alichofunga. Yakitoka hapo ni matamu na hayana ukali. Lakini chachu iko hewani na joto liko tele, kwa hivyo yanaanza kuchacha papo hapo, bila mtu kuongeza chochote. Masaa machache baadaye kuna kileo. Kesho yake ni mkali wa kukukunja uso. Ukiacha zaidi unapata siki. Kwa hivyo mnazi ukiambiwa "ni wa leo" na "ni wa jana", hizo ni pombe mbili tofauti.

Mahali pa kuunywa panaitwa mangwe. Ziko Kisauni, Mtwapa, na ukienda Rabai na Kaloleni ndio kwenyewe, juu huko ndiko minazi yenyewe iko. Unakaa kwenye benchi chini ya mwembe, unaletewa kwa kibuyu ama jagi, na mrija wenye kichujio mdomoni ili usimeze takataka. Wazee wa Kimijikenda hawaoni kama ni starehe tu. Mnazi unahusika mahari ikijadiliwa, unahusika matangani. Kwa hivyo ukiingia mangwe, salimia wazee kwanza, kaa pale umeonyeshwa, usianze kurekodi watu na simu.

Uliza pia umetoka wapi na umetolewa lini. Unajua ile methali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Haikuanza kama fumbo, ilianza kama habari. Mangwe ikishaanza kujaa wageni wa wikendi, kuna watu watajaribiwa kuongeza maji, na wengine wabaya zaidi wataongeza vitu ambavyo hutaki kujua. Enda na mtu wa mtaa. Na usichanganye na chochote kingine siku hiyo, utanishukuru.

Jioni: karai, ndimu na meli

Jua likianza kuzama, mji wote unatoka nje. Hapa ndipo Mombasa humaliza wivu wangu wa kila mji mwingine.

Anzia Mama Ngina, wengi bado huita Lighthouse. Sherehe za Mashujaa za 2019 zilifanyiwa hapo baada ya serikali kupajenga upya. Unakaa ukutani unatazama meli kubwa zikiingia Kilindini, karibu mpaka unaona kama utazigusa. Mkononi una krispi za mihogo zenye pilipili na ndimu, ama muhogo wa kuchoma, na dafu pembeni. Familia nzima inaweza kushiba hapo kwa pesa ambayo hotelini hainunui sahani moja.

Ukirudi mjini, tafuta viazi karai. Ni kiazi cha kuchemshwa, kinachovywa kwenye unga wa rangi ya manjano, kinatumbukizwa mafutani, kinaliwa na chatne ya ukwaju. Kula kikiwa moto. Kikipoa ni kiazi tu.

Wa nyama, endeni Tarboush pale Makadara Road. Kuku tikka, mishkaki, shawarma, naan inayotoka jikoni ikiwa moto. Kunajaa, utashiriki meza na watu hujui, ni sawa. Malizia na mzee wa kahawa chungu. Utamsikia kabla umwone, anagonganisha vikombe vyake vidogo. Birika lake la shaba lina makaa chini. Kahawa ni chungu kweli, ndio maana unapewa kashata ama haluwa ya kuituliza.

Halafu kuna supu ya pweza. Wanaume watakwambia inafanya nini. Mimi nitakwambia tu ni tamu.

Usiku: Mtwapa na wale wenye mshahara

Old Town hakuuzwi pombe, na usiingie na mkebe wako mkononi. Ni mtaa wa watu wa dini, na wanaishi hapo mwaka mzima, si wikendi pekee. Ukitaka kudunda, unavuka Nyali Bridge unaelekea kaskazini.

Bamburi na Pirates kuna baa za ufuoni. Lakini wengi wanaishia Mtwapa. Kitu wasee hawajui ni kwamba ukivuka lile daraja la Mtwapa umetoka Mombasa kabisa, uko Kaunti ya Kilifi. Kutoka hapo baa moja inashikana na nyingine. Panga gari la kurudi kabla hujaanza kunywa, juu saa tisa usiku mwenye gari ndiye anapanga bei.

Kama umelipwa na uko na mtu wa kumfurahisha, kuna mbili. Moorings inaelea juu ya maji ya Mtwapa Creek, unakula kamba na samaki sakafu ikitikisika kidogo chini yako. Tamarind ya Nyali inaangalia Mombasa ya zamani ng'ambo ya maji. Hiyo ya pili nilikuwa naitazama tu kutoka ng'ambo. Niliingia mara moja, kwa harusi ya wenyewe, na sikubakisha kitu.

Mambo matatu ya mwisho

Moja, ukienda Ramadhani, saa zote zinageuka. Mchana vibanda vingi vimefungwa. Jua likizama, ndio mji unaamka: sambusa, kaimati, viazi vya nazi, tende, mpaka usiku wa manane. Kwangu ndio mwezi mtamu zaidi wa kula Mombasa, hata kama hufungi. Ila mchana usile mbele ya watu.

Mbili, chunga mdomo. "Nipee chai haraka" ni Kiswahili cha Nairobi, na Pwani kinasikika kama matusi. Sema "shikamoo mama", ngoja "marahaba", halafu "naomba chai". Utashangaa vile mbaazi zinaongezeka kwa bakuli.

Tatu, usingoje mwisho wa siku kuomba upunguziwe. Hakuna kitu kimebaki cha kupunguza. Amka saa kumi na mbili, beba sarafu na noti ndogo, fuata watoto wenye mabakuli. Na ukipatana na mama wa Kisauni mwenye kalenda ya mwaka uliopita bado ukutani, nunua mahamri sita na umwachie chenji. Mimi nilimaliza deni, lakini najua si mimi pekee nilikuwa nimeandikwa hapo.